Mghushi aliyewahadaa wataalamu wa historia, kisha akageukia mabomu

ILIPOFIKA Oktoba 1985, Mark Hofmann, mkazi wa jiji la Salt Lake katika jimbo la Utah, Marekani, alikuwa na umri wa miaka 30 na tayari alikuwa amejijengea jina kubwa katika biashara ya hati za kale. Kila alipotia mkono, barua iliyodhaniwa kupotea kwa zaidi ya karne moja ilijitokeza. Viongozi wa kanisa walimpokea ofisini mwao, wanahistoria walimtegemea, nao wafanyabiashara wa vitabu adimu jijini New York walimchukulia kuwa mwenzao.

Karibu kila hati iliyompa sifa hiyo alikuwa ameiandika yeye mwenyewe, kwa mkono wake, nyumbani kwake. Na siri hiyo ilipokaribia kufichuka, aliua watu wawili kwa mabomu.

Visa vya watu kunaswa na pesa bandia si vigeni kwa Wakenya. Mwenye duka akipewa noti ya elfu moja huinua mkono kuelekea kwenye mwanga, akatazama uzi na picha iliyofichika ndani ya karatasi, kisha akaamua kama atatoa bidhaa au la. Lakini barua ya mwaka wa 1830 haina uzi wala picha ya siri, na hakuna benki kuu iliyoitoa. Anayeipokea hutegemea karatasi yenyewe, mwandiko na neno la mtu aliyeileta. Hofmann aliitafuta karatasi, akajifunza mwandiko, na neno lake likaaminiwa bila kuulizwa sana.

Alizaliwa Desemba 7, 1954 katika familia ya waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao wengi huwaita Wamormoni. Utotoni alipenda mazingaombwe, kemia, stempu na sarafu za zamani. Kwa maelezo yake mwenyewe miaka mingi baadaye, akiwa kijana aliibadilisha sarafu ya kawaida ya senti 10 kwa kuitia alama ndogo ya kiwanda, ikafanana na sarafu adimu sana. Wakaguzi walioikagua walimhakikishia kwamba ni halali. Hapo akajifunza jambo ambalo halikumtoka akilini: mtaalamu akishasema kitu ni halali, basi kwa ulimwengu kitu hicho ni halali.

Aidha, alikiri kwamba imani yake ilikuwa imekwisha tangu umri wa miaka 14 hivi. Hata hivyo, hakuacha kanisa. Alitumwa Uingereza kuhubiri kama vijana wengine wa dini yake, akarudi, akaingia chuo kikuu kwa nia ya kusomea udaktari, na akaoa kanisani. Majirani na jamaa zake walimjua kama muumini mpole, mwenye kusema maneno machache.

Ili kuelewa ni kwa nini kanisa hilo lilikuwa shabaha nzuri, yafaa kukumbuka kwamba ni dini changa. Ilianzishwa mwaka wa 1830 jimboni New York na Joseph Smith, aliyesema alioneshwa na malaika bamba za dhahabu zilizoandikwa kwa lugha ya kale. Leo ina wafuasi kote duniani, Kenya ikiwamo, ambako hekalu lake jijini Nairobi liliwekwa wakfu Mei 2025. Kwa kuwa chanzo chake hakiko mbali, barua, shajara na risiti za waanzilishi wake zingali zikipatikana, na kila moja inaweza kuthibitisha au kutikisa simulizi ya imani. Palipo na kiu ya aina hiyo, muuzaji wa maji hakosi wateja.

Hofmann alianza Aprili 1980. Alidai kwamba alinunua Biblia ya karne ya 17, na ndani yake akakuta karatasi iliyokunjwa na kugandishwa kwa gundi. Ilipofunguliwa, ilionekana kuwa na herufi za ajabu zilizopangwa kwa safu. Wanahistoria waliitambua mara moja, kwa kuwa walikuwa wakiisubiri. Ilijulikana kwamba mwaka wa 1828 mkulima tajiri, Martin Harris, alimpelekea Profesa Charles Anthon wa Chuo cha Columbia, New York, karatasi yenye herufi zilizosemekana kunakiliwa kutoka kwenye bamba za dhahabu. Profesa huyo aliwahi kuieleza karatasi hiyo kwa maandishi. Hofmann aliyasoma maelezo hayo, akatengeneza karatasi iliyolingana nayo.

Huo ndio uliokuwa ustadi wake mkubwa, kuliko hata kalamu yake. Wengi wa waghushi huiga kitu kilichopo, na wakanaswa kikilinganishwa na kile halisi. Hofmann alitafuta mapengo: hati ambazo historia yenyewe ilishuhudia kwamba ziliwahi kuwapo lakini hakuna aliyejua zilipo. Hakukuwa na kitu cha kuzilinganisha nacho, na kila mtu alitaka zipatikane.

Mtaalamu wa miandiko wa kanisa, Dean Jessee, aliukubali mwandiko kuwa wa Joseph Smith. Kanisa lilimlipa Hofmann kwa vitu vyenye thamani ya zaidi ya dola 20,000, vikiwemo sarafu ya dhahabu ya dola tano iliyofuliwa na Wamormoni wa kwanza, noti zao za kale na toleo la kwanza la Kitabu cha Mormoni. Kwa maneno mengine, alitoa karatasi ghushi akapewa pesa halisi za kihistoria. Akaachana na udaktari.

Mwaka uliofuata alileta hati iliyogusa jeraha bichi. Ilikuwa na tarehe ya Januari 17, 1844, na ilionesha Joseph Smith akimbariki mwanawe kuwa mrithi wake. Smith aliuawa mwaka huo huo, na wafuasi wengi wakamfuata Brigham Young hadi Utah, huku wengine wakibaki na familia ya Smith na baadaye kuunda kanisa lao. Hati hiyo ilikuwa kana kwamba inasema walioenda Utah walikosea. Kanisa la Utah liliinunua, kisha likawakabidhi wale wa kanisa la pili kwa kubadilishana na kitabu adimu cha 1833. Makanisa mawili yaliyotofautiana kwa zaidi ya karne moja yaliketi pamoja kubadilishana karatasi ambayo wino wake ulikuwa wa juzi.

Iliyoleta zogo kubwa zaidi ni ile iliyokuja kuitwa barua ya salamanda. Ilidaiwa kuandikwa na Martin Harris Oktoba 23, 1830. Badala ya malaika, barua hiyo ilisema kwamba Joseph Smith alipofukua bamba za dhahabu alikutana na salamanda mweupe, kiumbe mfano wa mjusi, aliyegeuka kuwa roho. Malaika akawa mjusi wa kichawi. Januari 1984 mfanyabiashara kijana na muumini, Steven Christensen, aliinunua kwa dola 40,000, na Aprili 1985 akaitoa zawadi kwa kanisa. Baadhi ya waumini walitikisika, na wasomi wakaanza kuandika upya walichokijua kuhusu mwanzo wa dini hiyo.

Mwandiko wa Harris uliosalia duniani ni mchache mno. Hofmann alilijua hilo, na alikuwa ameandika maneno kwa mwandiko uliodaiwa kuwa wa Harris katika kitabu cha sala cha zamani, akakiuza mapema. Wakaguzi walipotafuta kielelezo cha kulinganisha na barua, walichukua kitabu hicho. Mwandiko ulifanana kwa kila hali, na ungekosaje, ilhali mwandishi alikuwa mmoja?

Aliyeshuku mapema ni mtu ambaye hakutarajiwa. Jerald Tanner, ambaye kwa miaka mingi alichapisha maandishi ya kulipinga kanisa hilo, angenufaika kuliko wote kama barua ingekuwa ya kweli. Lakini mwaka wa 1984 alichapisha shaka zake. Aliona kwamba baadhi ya maelezo yake yalifanana mno na kitabu kilichochapishwa mwaka wa 1834, miaka minne baada ya tarehe ya barua. Tanner hakuwa na hadubini wala maabara. Alisoma tu kilichoandikwa. Wataalamu, kwa upande wao, walikuwa wakipima karatasi, na karatasi ilikuwa ya kweli.

Karatasi hiyo Hofmann aliipata kwa kukata kurasa tupu zilizo mwanzoni na mwishoni mwa vitabu vya zamani, vikiwemo vya maktaba za vyuo. Wino aliuchanganya mwenyewe kwa utaratibu wa karne ya 19: tanini, sulfeti ya chuma na gundi ya mgunga, gundi ile ile ambayo wafugaji wa kaskazini mwa Kenya huikusanya na kuiuza. Wino wa aina hiyo ukikaa miaka mingi hugeuka kutoka mweusi hadi kahawia na kuila karatasi polepole. Hofmann hakuwa na miaka mingi. Alitumia kemikali kama amonia na haidrojeni peroksaidi, na kazi ya miaka 150 ikafanyika kwa muda mfupi.

Mkono wake nao haukutetemeka. Mghushi wa kawaida huchora herufi polepole akitazama kielelezo, na kusitasita huko huonekana kwenye mstari. Hofmann alifanya mazoezi hadi akaweza kuandika kwa kasi kama mtu anayeandika barua yake mwenyewe. Orodha ya aliowaiga ina majina ya watu kama George Washington, Abraham Lincoln, Mark Twain na Jack London.

Pesa nazo hazikusalimika. Wamormoni walipofika Utah walikosa fedha za kutumia sokoni, na mwaka wa 1849 wakatoa noti zilizoandikwa kwa mkono. Mwaka wa 1858 chama chao cha fedha kilitoa noti nyingine zilizodhaminiwa na mifugo, yaani nyuma ya karatasi hiyo palikuwa na farasi na ng'ombe. Wafugaji wetu wangeielewa benki hiyo bila kufafanuliwa. Noti hizo ni adimu, na wakusanyaji huzilipia pesa nyingi. Hofmann alighushi za aina zote mbili. Zile za kuandikwa aliziandika. Zile za kuchapishwa aliagiza vibao vyake kwa wachonga vibao vya chapa, akitumia jina la uongo.

Hapa palikuwa na hila nyingine. Mghushi wa noti zinazotumika madukani lazima atengeneze maelfu ili apate faida, na kila noti inayotoka mkononi mwake ni shahidi dhidi yake. Mghushi wa noti za kale hutengeneza chache tu, maana uchache ndio thamani. Anayezinunua huzifungia kabatini, na hazirudi benki kukaguliwa. Alvin Rust, mfanyabiashara wa sarafu aliyemwamini Hofmann na kumkopesha fedha nyingi, alichapisha mwaka wa 1984 kitabu kuhusu fedha za Utah. Ndani yake kulikuwa na noti za Hofmann. Tangu hapo, aliyetaka kuhakikisha noti yake alifungua kitabu hicho na kuiona humo.

Mwaka wa 1985 alijaribu kutoka Utah na kuingia katika soko kubwa la taifa. Karatasi ya kwanza kuchapishwa katika makoloni ya Waingereza huko Amerika ilikuwa kiapo cha raia huru wa Massachusetts, kilichopigwa chapa mnamo 1639. Hakuna nakala iliyosalia. Hofmann alitengeneza moja. Kwa ajili ya wino, alichoma karatasi ya zama hizo apate masizi, ili kipimo chochote cha umri kisimwumbue. Kisha akaandaa karatasi nyingine isiyo na thamani yenye kichwa hicho hicho, akaichomeka kisiri katika duka la vitabu la Argosy, New York, akainunua kwa dola 25 na kudai risiti. Risiti ilikuwa halali kabisa, ya duka linaloheshimika, na ilieleza alikopata kiapo. Maktaba ya Bunge la Marekani ilitakiwa kulipa dola milioni 1.5.

Mazungumzo yalikwama juu ya bei na chimbuko la hati, na hapo ndipo mambo yalipoanza kumwendea mrama. Hofmann alikuwa akiishi kwa kukopa huku na kulipa kule, huku akinunua vitabu adimu vya watoto kwa bei za juu. Alikuwa ameuza ahadi pia. Alidai anajua zilipo karatasi za William McLellin, mmoja wa mitume wa kwanza wa kanisa aliyeasi, na kwamba zimejaa siri za kuliaibisha. Kwa usaidizi wa kiongozi mmoja wa kanisa, alipata mkopo wa dola 185,000 kutoka benki, bila dhamana, ili azinunue. Karatasi zenyewe hazikuwapo mikononi mwake, na hakuweza kuzighushi kwa kuwa zilikuwa nyingi mno. Siku za kuzikabidhi zilipokaribia, aliyepewa jukumu la kuzikagua alikuwa Steven Christensen.

Asubuhi ya Oktoba 15, 1985, Christensen aliokota kifurushi mbele ya mlango wa ofisi yake katikati mwa jiji. Kililipuka na kumwua. Alikuwa na umri wa miaka 31. Baadaye asubuhi hiyo hiyo, katika kitongoji nje ya jiji, Kathleen Sheets aliokota kifurushi kingine nje ya nyumba yake, nacho kikamwua. Mumewe aliwahi kuwa mwajiri wa Christensen katika kampuni ya uwekezaji iliyokuwa ikiporomoka. Polisi walidhani ni kisasi cha mwekezaji aliyepoteza fedha. Hivyo ndivyo Hofmann alivyotaka wadhani. Mama huyo hakuwa na uhusiano wowote na hati wala madeni yake. Baadaye Hofmann aliwaambia waendesha mashtaka kwamba hakujali ni nani angeuawa na bomu hilo la pili.

Oktoba 16 bomu la tatu lilimlipukia yeye mwenyewe ndani ya gari lake. Alijeruhiwa vibaya lakini akanusurika, na kwa saa chache watu walimhurumia kama mwathiriwa wa tatu. Wapelelezi waliokagua maelezo yake waliona hayalingani na mahali bomu lilipokuwa. Walipopekua nyumba yake, walianza kukutana na jina Mike Hansen, mtu asiyekuwepo, ambalo pia lilikuwa kwenye risiti ya vifaa vya umeme vya aina iliyotumika katika mabomu.

Tatizo la waendesha mashtaka lilikuwa moja: kwa nini tajiri wa hati halisi aue? Bila kuthibitisha kwamba hati ni ghushi, hapakuwa na sababu ya mauaji. Na hati hizo zilikuwa zimepitishwa na wakaguzi wakubwa, shirika la upelelezi FBI likiwemo.

Kazi hiyo iliwaangukia wakaguzi wawili, George Throckmorton wa Utah na William Flynn kutoka Arizona. Badala ya kukagua hati moja moja kama ilivyokuwa imefanywa awali, walikusanya mamia ya hati za kipindi kimoja, zilizopitia kwa Hofmann na ambazo hazikupitia kwake, wakazitazama kwa hadubini. Wino wa baadhi yake ulikuwa na nyufa ndogo ndogo, kama matope ya ziwa lililokauka. Chini ya mwanga wa urujuanimno, ule ambao mabenki hutumia kukagua noti, karatasi hizo zilionesha ukungu wa buluu, na kwenye nyingine wino ulikuwa umechuruzika upande mmoja tu, kama kwamba karatasi ilianikwa ikiwa mbichi.

Kila hati yenye nyufa ilikuwa imepitia mikononi mwa Hofmann. Zile ambazo hazikupitia kwake hazikuwa nazo, hata zilipokuwa za mwandishi yule yule na mwaka ule ule. Flynn alichanganya wino mwenyewe kwa utaratibu wa zamani, akauzeesha kwa kemikali, na nyufa zikatokea mbele ya macho yake. Gundi ya mgunga ndiyo iliyokuwa ikipasuka kwa kukaushwa kwa pupa. Wachonga vibao nao wakatoa kumbukumbu za oda walizopokea.

Ushahidi huo uliposomwa kortini mwaka wa 1986, mawakili wa Hofmann walijua kitanzi kimekaza. Januari 1987 alikiri mashtaka ya mauaji na ulaghai ili kuepuka hukumu ya kifo, na akakubali kueleza jinsi alivyofanya. Alihukumiwa kifungo cha kati ya miaka mitano na maisha. Mwaka uliofuata bodi ya msamaha iliamua kwamba asitoke gerezani hadi kufa kwake.

Kulikuwa na kinaya kimoja ambacho kanisa lenyewe lilikigundua mwaka wa 1986. Baadhi ya karatasi halisi za McLellin, zile ambazo Christensen alikufa akizisubiri, zilikuwa zimefungiwa katika hifadhi ya kanisa hilo tangu liliponunua mwaka wa 1908. Hakuna aliyekumbuka.

Hofmann hakutaja kila alichokighushi. Alizungumza na waendesha mashtaka kwa miezi kadhaa, kisha akanyamaza. Juni 1997, akiwa amekaa gerezani miaka kumi, kampuni ya mnada ya Sotheby's iliuza shairi lililodaiwa kuandikwa kwa mkono wa mshairi Emily Dickinson. Maktaba ya Jones ya mji wa Amherst, Massachusetts, alikozaliwa mshairi huyo, iliinunua kwa dola 21,000 ikisaidiwa na michango ya wapenzi wa fasihi. Mkusanyaji mmoja wa Utah aliposikia habari hizo, alikumbuka kwamba mwaka wa 1985 alioneshwa shairi la Dickinson na Mark Hofmann. Msimamizi wa hifadhi katika maktaba hiyo alifuatilia nyayo za karatasi hiyo kutoka mkono hadi mkono, na kufikia mwisho wa Agosti hapakuwa na shaka tena. Sotheby's ikarudisha fedha, na maktaba ikarudisha shairi.